Jina la Sosthenes

Happy, uko wapi? Niko chooni hapa ofisi ya ushirika Mbeya, nalia kama mtoto.

Programu yetu ya kupimia chai imekubaliwa. Usinipongeze, soma kwanza.

Si unajua kompyuta zao hazifungui kitu kisicho na saini ya kidijitali, yaani jina la anayekithibitisha? Mimi niliisaini, ikafunguka vizuri. Kuunganisha mizani tu, ikagoma. Inakataa kile kipande cha programu alichotuandikia Sosthenes, kile kinachosoma uzito. Hakina saini!

Bipin wa IT akasema, "Mwambie aliyekiandika akisaini."

Nikamwambia amefariki.

Akasema taratibu, "Pole, dada. Basi kisaini wewe, au kitoe."

Kisaini wewe! Happy, kazi ya marehemu!

Nimekisaini. Mizani ikasoma palepale, watu wakapiga makofi. Kwenye skrini ikatokea "Imethibitishwa na Esta Mwasomola". Jina langu peke yake. Yeye hayupo popote, Happy. Popote.

Sasa hivi mama yake kapiga simu kutoka Ilula, ameshinda anasubiri. "Esta mwanangu, wameipokea?" Nikasema wameipokea, mama. Akapiga vigelegele, nikamsikia anawaita wenzake wanaouza naye nyanya waje wasikie.

Halafu akauliza, "Na jina la Sosthenes wameliona?"

Nimemwambia wameliona.

Nimemwambia wote wameliona.