Salamu ya Simu Yetu Sasa Inataja Jina Langu

Jumanne, Agosti 2021. Toongabbie.

Upepo wa baridi umevuma mchana kutwa, na helikopta ya polisi imezunguka juu ya nyumba zetu kama jana. Bado tumefungiwa majumbani kwa sababu ya korona. Nimefuatilia masomo nikiwa mezani jikoni, koti mwilini, lakini hesabu nimeshindwa kuimaliza. Moyo ni mchungu.

Leo nimefuta sauti ya dada yangu.

Ngoja nieleze vizuri. Simu ya nyumbani tuliipata pamoja na intaneti. Mtu akipiga na hakuna aliyepokea, kisanduku cha simu hiyo kinatoa salamu tuliyorekodi, kisha anaacha ujumbe, na sisi tuliomo ndani tunasikia yote. Salamu hiyo aliirekodi Neema, dada yangu mkubwa, mwaka jana: "Hapa ni kwa Papa na Mama Neema. Hatukuweza kupokea. Acha jina lako, Mungu akubariki." Kisha akarudia kwa Kiingereza. Mwishoni kabisa alisikika akicheka, kwa sababu nilikuwa namtekenya.

Kwetu mtoto hatamki jina la baba yake, na wazazi huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Wazazi wangu wamekuwa Papa Neema na Mama Neema tangu Uvira, kisha kambini Kigoma, mpaka hapa Sydney. Nadhani kanisani wengi hawajui hata kama wana majina mengine.

Mwezi uliopita Neema alichanjwa. Anafanya kazi kwenye ghala Wetherill Park, na wenzake walikuwa wanaugua mmoja baada ya mwingine. Papa alikuwa ameshatangaza kwenye ibada ya mtandaoni kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayechomwa hiyo sindano. Neema akafungua sauti yake, wazee wote wakisikiliza, akasema, "Papa, mimi nimeshachomwa." Hakusema kwa dharau. Papa aliona dharau.

Kesho yake Neema alihamia kwa rafiki yake Liverpool, hapahapa Sydney. Sasa hata kumtembelea haturuhusiwi, maana sheria ya kufungiwa hairuhusu kwenda zaidi ya kilomita tano. Namba yake Papa ameifunga kwenye simu ya Mama. Akitaka kuongea, alisema, apige simu ya nyumbani, kila mtu asikie.

Jumapili mzee mmoja wa kanisa alimpigia Papa. "Papa Neema, jana nilipiga simu ya nyumbani nikasikia sauti ya binti. Kumbe amerudi? Tumshukuru Mungu." Papa akajibu kwamba ni mashine tu. Alipokata simu hakutuangalia.

Leo, darasa langu lilipoisha, akaniita. "Esta, wewe ndiye unajua Kiingereza cha hapa. Rekodi salamu mpya. Sema hapa ni kwa Papa na Mama Esta."

Nilikuwa na njia moja ya kutoka, nikaijaribu. Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha adabu za salamu ya simu: iwe fupi, usiseme kwamba hamko nyumbani, usitaje majina ya watu, na tabasamu unapoongea, kwa sababu tabasamu linasikika. Niliona kwamba kama hatajwi mtu, hakuna atakayeondolewa.

"Papa, adabu ya hapa ni kutotaja majina," nikamwambia. "Namba ya simu inatosha."

"Namba? Mimi nimekuwa duka? Mtu apige kwangu asijue kwa nani?"

Mama alikuwa anakoroga sombe, majani ya muhogo. Bila kugeuka akasema, "Esta alipozaliwa alinikuta tayari Mama Neema."

"Mama Esta, acha mtoto afanye kazi."

"Huyo Mama Esta yuko wapi, nimsalimie?"

Papa alinipa simu.

Mara ya kwanza sauti yangu ilitetemeka. "Bon, haya, rudia," Papa akasema. "Unaongea kama kwenye msiba." Nikarudia. Nikatabasamu, kama nilivyofundishwa, na sauti ikatoka safi. Papa akasema nimefanya vizuri. Ndilo linaloniuma kuliko yote.

Niandike na hili. Nilipokuwa mdogo nilitamani siku moja mtu amwite Mama kwa jina langu, hata mara moja tu, hata kwa kukosea.

Jioni simu ililia.

Kwa kawaida saa hiyo Papa yuko kazini. Wiki hii zamu yake imebadilishwa, na Neema hawezi kujua. Tulikuwa tumeanza kuombea chakula, na sala ikianza kwetu simu haipokelewi. Papa akaendelea kuomba. Kisanduku kikaanza kuongea kwa sauti yangu, nzuri, yenye tabasamu: hapa ni kwa Papa na Mama Esta.

Mlio wa kurekodi ukalia. Nyuma ya aliyepiga tulisikia basi likiondoka kituoni.

"Habari za jioni, Mama Esta," Neema akasema, taratibu, kama mtu anayemsalimia jirani. "Nilikuwa na neno la kuuliza. Lakini basi, haina shida. Esta, umesoma vizuri."

Mama alisimama katikati ya sala. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Alipoinua simu ilikuwa imeshakatika. Akaita "Neema?" hata hivyo. Akapiga, ikaita mpaka mwisho. Akapiga tena.

Papa alimaliza kuomba. Amina niliitikia peke yangu.

"Mama Esta, njoo tule."

Mama hakugeuka. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa kama mtu aliyesikia mwingine akiitwa. Papa akamwita tena vilevile, sauti juu kidogo. Kisha akajipakulia mwenyewe, akala akiangalia sahani.

Nadhani ninajua Neema alitaka kuuliza nini. Nadhani alitaka kuuliza kama anaweza kurudi. Mtu anayepiga kwa sababu nyingine angesema shida yake akamaliza. Yeye alisikia jina langu mahali pa jina lake, akaona ameshajibiwa. Na aliyemjibu ni mimi.

Kesho nitamwambia Papa kwamba salamu hii nitaifuta. Kama anataka jina la Neema litoke kwenye nyumba hii, arekodi yeye, kwa sauti yake, kwa sababu ndiye aliyempa jina hilo. Nimejaribu kuisema sentensi hiyo kwa heshima, chini ya blanketi, mara kadhaa, na kila mara inatoka kama matusi.

Nitaisema hivyohivyo.