Kipele Kwenye Pindo la Sweta

Jumatatu, 3 Machi

Leo kiwandani hatukufua kitu mpaka saa nne. Tumekalishwa kwenye viti kama darasa la kwanza, kisa vidude. Kidude chenyewe kidogo kuliko ukucha wangu. Unakibandika kwa pasi ya moto ndani ya pindo la nguo, na hakitoki hata ufue mara mia mbili. Fundi aliyevileta anasema kinaongea kwa mawimbi ya redio. Hakina betri wala waya. Mfuko wa nguo chafu unapitishwa kwenye lango, haufunguliwi, na kompyuta inakuambia: shuka kumi na nne, magauni ya wagonjwa kumi na moja, yametoka wodi fulani. Sisi ambao miaka tisa tumehesabu kwa mikono, damu na matapishi yote, tumebaki kutazamana.

Fundi aliposema redio tukacheka, maana Redio tunaye tayari — mwenzangu wa meza ya kukunjia, hazimwi. Ndiye aliyekipa kidude jina. Kapapasa pindo, kasema hiki ni kipele. Basi, kipele. Kesho kila mtu alete nguo moja ya nyumbani ya kujifunzia.

Jumanne, 4 Machi

Nimechukua sweta ya kijivu ya Baba Pacha. Leo yuko mapumziko, nimemwacha amelala. Niliifuma mwenyewe mwaka ule mapacha wanaanza shule. Siku hizi haivui. Jua linachoma, yeye na sweta. Anasema jikoni kwao kuna chumba cha barafu, anaingia na kutoka. Miaka ishirini mpishi wa hospitali kuu, baridi imemwingia mwaka huu! Nikamwambia huo ni uzee, asisingizie barafu.

Nikabandika kipele. Kwenye kompyuta nikaandika: SWETA YA BABA PACHA. Nikaitumbukiza katikati ya mfuko wa mashuka, nikasukuma toroli langoni. Lango likalia tii, jina hilo kwenye kioo cha kompyuta. Nilishtuka kama nimemwona mwenyewe kasimama pale. Redio akasema sasa mume wako hana pa kujificha. Tumecheka mpaka msimamizi akatukata jicho.

Fundi kasema majina yetu ya majaribio atayafuta kabla hajaondoka.

Jumatano, 19 Machi

Wiki mbili za kubandika vipele. Vidole vimeungua. Sare za hospitali kuu zimekwisha — waganga, wauguzi, wafagizi, wapishi. Nilikuwa naliotea koti la Baba Pacha, jeupe, namba 41. Nilitaka nilibandike mwenyewe na kumwekea kikaratasi mfukoni, akicheke huko jikoni. Halikuja. Wala yale mengine mawili.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Msimamizi katoa orodha ya sare ambazo hazijapita langoni. Watu tisa. Wa sita ni namba 41. Nikasema mashine imekosea. Msimamizi, ambaye hajui 41 ni mume wangu, akapiga simu stoo ya hospitali mbele yangu. Wakamjibu 41 alirudisha sare zote tatu tarehe tisa Januari.

Januari. Leo ni Machi. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu anachukua chupa yake ya chai, anasema haya, mama, mimi naenda kazini. Mimi namjibu kazi njema. Kazi ipi?

Jioni nikamuuliza, kawaida tu, leo mmepika nini. Hakusita hata kidogo. Supu ya mboga na viazi vya kuponda. Eti yule mgonjwa wake mmoja kalalamika tena supu haina ladha, kama anakunywa maji ya moto. Kasema hayo huku anavua viatu. Mtu anaongopa mpaka anakumbuka kutia mgonjwa mlalamishi!

Sikumwambia kitu. Nimeogopa atajibu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefanya kosa, nimemwambia Redio. Kasema hakuna mwanamume anayeacha kazi akaendelea kuaga asubuhi kama hana mlango mwingine wa kubisha. Lisemwalo lipo, kasema. Nikamwambia lisemwalo umelisema wewe sasa hivi. Akauliza, na mshahara? Nikasema unaingia kama kawaida. Akanyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue.

Nimerudi nyumbani nikanusa mashati yake yote. Ndiyo, nimenusa, na sioni haya. Miaka tisa naishi na nguo za watu, pua yangu haidanganyiki. Hakuna marashi. Kuna spiriti, ile ya hospitali. Labda ni mikono yangu mwenyewe.

Mkanda wake wa suruali umeongezwa matundu. Mawili. Sikuwa nimeona. Naishi na nani mimi?

Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi kaondoka na sweta. Jioni karudi bila sweta, anatetemeka. Kasema kaisahau jikoni.

Jikoni gani, ilifika mpaka kwenye meno. Nikaimeza.

Jumanne, 25 Machi

Lori la hospitali kuu limekuja saa tatu. Mifuko ya jana. Mimi nilikuwa langoni. Mfuko wa kwanza, wa pili. Wa tatu ukalia, kioo kikaandika:

WODI YA MCHANA — SARATANI
SHUKA 9
MAGAUNI 6
SWETA YA BABA PACHA 1

Nimesoma mara nne. Fundi hakufuta. Nikafungua mfuko kwa mikono bila glavu, msimamizi ananipigia kelele. Ilikuwa imeviringwa ndani ya shuka. Kijivu. Mkono wa kushoto umekunjwa mpaka juu ya kiwiko, na pale kwenye mkunjo kipande cha pamba na plasta.

Sikulia. Nilikaa tu chini kwenye sakafu iliyolowa.

Redio kanifuata. Shemeji yake aliwahi kupita wodi hiyo, kwa hiyo anaijua. Wanakuja asubuhi, wanakaa kwenye viti vikubwa, dripu mpaka alasiri, wanarudi makwao. Si kila siku. Siku nyingine vipimo, siku nyingine wanapumzika tu hapo bustanini kama hawana nguvu ya safari. Mshahara unaingia kwa sababu ni likizo ya ugonjwa. Kasema na baridi ni ya zile dawa, na ulimi nao unakufa, shemeji yake alikuwa hasikii ladha ya kitu chochote.

Hapo ndipo iliponigonga kichwani. Supu. Mgonjwa mmoja kalalamika.

Hakuongopa. Tangu Januari ananiletea habari za mgonjwa huyo nyumbani, na mimi nacheka naye, nasema wagonjwa wana taabu.

Sweta nimeifua kwa mkono, peke yake, nikaikaushia karibu na mashine ya pasi. Redio kaniahidi hatasema kwa mtu. Nimemwamini, sijui kwa nini.

Sasa ni saa moja jioni. Baba Pacha kaingia saa kumi na mbili. Nimemwekea sweta mezani, imekunjwa kikazi. Hakuuliza imefikaje. Kaivaa. Kidole chake kikapita kwenye pindo, kikasimama pale penye kipele, kikaendelea. Nikampakulia supu. Nikaonja yangu na nikagundua nimesahau chumvi. Hata punje moja. Kichwa hakipo.

Yeye kala vijiko vitano. Kasema, "Supu tamu leo, mama."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza yule mgonjwa wake anaendeleaje, yule wa maji ya moto. Kijiko kikasimama. Hakuniangalia. Nikasema ngoja nilete chumvi, nikakimbilia huku jikoni. Kopo la chumvi liko mkono mmoja, kalamu mkono mwingine, naandika nimesimama, maana nikiacha kuandika nitapiga yowe mtaa mzima ujue.

Nasikia kiti kinasogezwa. Ananiita.

"Mama Pacha. Njoo ukae. Chumvi iache."