Mzigo wa nyasi za pango

Dafrosa, sikia ya leo.

Unajua hapa kwetu kipindi cha Majilio mtoto akifanya jambo jema anaweka unyasi mmoja kwenye hori la Mtoto Yesu, ndani ya pango la Krismasi. Leo Jenifa ameosha vyombo, akaenda kuchukua wake kwenye mzigo wa nyasi nilizokata Itetemia.

Mkono ukaingia mpaka kiwiko. Akaniambia, "Mama, humu kuna kitu cha baridi."

Kitu cha baridi, Dafrosa.

Nikamwambia, "Toa mkono polepole, mwanangu." Akautoa. Swila naye akatoka.

Baba Jenifa amemuua kwa jembe. Mtoto hakuumwa, nimemkagua vidole mara tatu.

Ila mzigo ule tangu Jumamosi ulikuwa chini ya kitanda chake. Niliuweka mimi, usilowe mvua.