Neno Ulilolikata Mara Mbili

Mke mwenzangu, mjukuu wangu Asteria,

Anayeandika ni mama yako. Mimi nasema, yeye anafuata. Akilia nanyamaza mpaka afute macho, kwa hiyo barua hii ina mashimo kama barabara yetu wakati wa masika.

Uliugua wiki mbili tu, ukatuacha. Mpunga umeshavunwa. Juzi mwalimu wako alikuja hapa Kisawasawa na daftari lako. Anataka kuichapa hadithi yako iwekwe maktaba ya shule. Nikamwambia mama yako anisomee yote, hata uliyoyakata. Kusoma sijui, lakini najua kwamba mtu akitupa kitu, alikishika kwanza.

Akasoma. Bibi yuko shambani juu ya kichanja cha dungu, anaamia ndege wasile mpunga, mjukuu wake kando. "Bibi akalala." Umekata. "Bibi akasinzia kidogo." Umekata tena. Halafu: "Bibi hakulala. Mtoto alikuwa anaungua kwa homa. Bibi akaweka kombeo chini, akampakata, ndege wakala mpunga mbele ya macho yake."

Asteria, nani alikuambia?

Ulikuwa na miaka minne! Homa ilikupanda mpaka ukaniita shangazi. Babu yako alishanikataza kukupeleka shambani, na angejua umeugulia kule asingekuachia tena. Nikamwambia ndege wamekula mpunga kwa sababu nililala. Bora niitwe mvivu, nikae na wewe. Miaka yote hii babu yako, mume wetu, ananiita "Bi Usingizi" mbele ya wageni, na mimi nacheka nao.

Mwaka jana, juu ya dungu lile lile, unaandika hadithi hii, uliniuliza, "Bibi, kweli alilala?" Nikasema, "Alilala, andika hivyo hivyo." Ukang'ata kalamu. "Bibi, hapo hadithi inakataa." Nikakukaripia, "Hadithi ina mdomo? Rusha jiwe, wewe, ndege hao!"

Kumbe ilikuwa inakataa kweli. Hukujua kitu, ukakaa na kalamu yako unapepeta maneno kama mchele, pumba huku, pumba kule, mpaka likabaki lile nililolificha. Nimezaa watoto saba. Nimeona mafuriko yakibeba nyumba na paa lake. Kitu kama hiki sijaona.

Mwisho hukuandika. Mwalimu anataka auongeze yeye: babu ajue, amsamehe bibi. Nikamwambia, mwalimu, toa mkono kwenye daftari la mtoto wangu.

Alipoondoka nikamwita mume wetu, mama yako akamsomea. Akashika kikombe mpaka chai ikapoa. Akasema, "Mtoto ana homa, na mimi nacheka." Basi. Jioni wageni walipokuja akaanza, "Huyu Bi..." akalimeza. Akanisogezea kiti chake, akabaki amesimama.

Hayo mwalimu hatayapata. Ulipoacha peupe pabaki peupe. Nimemwagiza achape na maneno uliyoyakata, na mstari wa kukata juu yake, wenzako waone ulivyokuwa unatafuta.

Pumzika, mke mwenzangu. Mume wetu nakutunzia. Ndege wakirudi nitapanda dungu, magoti yakitaka yasitake, na atakayeniuliza habari za mwaka ule nitamjibu kwa sauti ifike mpaka kwako: sikulala.

Bibi yako