Tatu ya Turufu

Jumatatu, 3 Machi

Nimelazwa. Kichwa changu sasa kina waya nyingi kuliko nguzo ya umeme. Zrinko, fundi wa mashine ya kupima umeme wa ubongo, amenibandika asubuhi nzima kwa gundi inayonuka kama rangi ya kucha. Nikamuuliza itatokaje kwenye nywele. Usijali mama, nywele huota tena! Mjinga yule. Nimempenda.

Juu ya mlango kuna kamera. Inaniona nikila, nikipiga chafya, nikijikuna.

Daktari Jelavić kaja na picha yangu ya MRI. Upande wa kulia wa ubongo kuna kovu jeupe, dogo kama punje ya mchele. Huenda ndilo linaloniangusha, anasema, huenda limekaa tu, halina habari na mtu. Hawezi kunipasua kwa kubahatisha. Sharti kifafa kinishike hapahapa, mashine ione umeme unaanzia wapi. Ukianzia kwenye kovu, watalitoa na huenda nikapona. Ukianzia kwingine — vidonge hadi kaburini.

Yaani nimekuja hospitali kuugua. Haya!

Ninachotaka ni kimoja. Kumbeba Tonka peke yangu. Mjukuu wangu huyo sasa anakaa mwenyewe, ana meno mawili, na sijawahi kumpakata bila mtu kusimama mbele yangu amekinga mikono. Mirela mkwe wangu si mtu mbaya. Ndiye aliyenikuta jikoni nimeanguka, sufuria la supu limenimwagikia. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Lakini inaniuma. Inaniuma sana.

Jumanne, 4 Machi

Vidonge vimepunguzwa nusu. Nimejikalia tayari kama bibi harusi. Hakuna. Wamenimulika taa za kumetameta — hakuna. Wamenipumulisha harakaharaka mpaka vidole vikafa ganzi — hakuna. Kifafa kilichoniaibisha kanisani, sokoni, kwenye feri, kwenye harusi ya mwanangu, leo kimeingia mitini!

Nje ni kanivali, matarumbeta na watu wenye vinyago. Frane, mume wangu, kaniletea kroštule, vile vitamu vya kukaanga vya kanivali, sukari imejaa kitanda kizima. Muuguzi Nedjeljka kanikuta na waya zangu na kilemba changu cha bendeji natafuna. Bi Vinka, kasema, mwaka huu zawadi ya kinyago ni yako. Nikacheka mpaka Zrinko akapiga kelele kutoka chumba cha pili: jamani, mistari yangu kwenye mashine!

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Padri kapita wodini na majivu. Sisi hunyunyiziwa utosini. Kafika kwangu, mkono umebaki hewani, hajui pa kunyunyiza. Zrinko katoka mbio: Padri, Padri, hapo usitie kitu! Mwisho kanipaka kiganjani. Sijui kama inahesabika.

Usiku wamenikesheza. Hakuna kifafa. Supu ya leo haina nyama wala chumvi. Nina hasira na watu wote.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kuna jambo.

Frane kaja na karata. Tukacheza briškula, mimi na yeye dhidi ya Nedjeljka na Zrinko, waliokuwa mapumzikoni. Mkicheza wanne, unampa mwenzako ishara kwa uso. Ni halali, mradi wapinzani wasikuone. Ukiwa na ree ya turufu unabinua midomo. Ukiwa na tatu ya turufu, inayofuata kwa ukubwa, unapinda mdomo pembeni.

Katikati ya mchezo Frane katupa karata yake nono, akijua mimi nitakula kwa tatu. Tatu sina. Wakatula sisi. Basi, akaanza wimbo wake: umenidanganya tena! Umepinda mdomo! — Sijapinda! — Umepinda, nimekuona kwa macho yangu haya! Ugomvi huo tunao tangu uchumba. Kuna Pasaka tulinuniana hata kondoo akaliwa na majirani. Kule kisiwani anakoishi, shemeji yangu Dujam, nduguye Frane, huniita Vinka Tatu.

Nedjeljka alikuwa hoi kwa kicheko. Daktari Jelavić, aliyesimama mlangoni, hakucheka. Kamwambia Zrinko: rudisha video nyuma.

Wakatuonyesha. Pale ni mimi, nimeshika karata, nawaza nitupe ipi. Pembe ya kushoto ya mdomo inavutwa. Inavutwa tena. Sina habari! Na chini ya picha ile mistari ya ubongo wangu, iliyokuwa imetulia, inaruka upande wa kulia.

Hicho ni kifafa, kasema daktari. Kidogo. Kinachungulia kila unapowaza karata ya kutupa. Watu wachache wako hivyo, mchezo ndio unaowachokoza.

Frane aliweka karata zake chini. Kisha: kumbe hukuwa unasema uongo. Nikamwambia, wala wewe hukuwa kipofu. Miaka yote ile! Nilitaka kumzaba kibao, nikaishia kulia. Alinishika mkono mpaka wageni wakatolewa.

Ijumaa, 7 Machi

Kidogo hakitoshi. Kinapita upesi mno, mistari haisemi wazi kimeanzia wapi. Daktari anataka kikubwa, na anataka kupiga picha nyingine: kifafa kikianza tu, muuguzi ananichoma dawa kwenye mshipa, dawa inakimbilia ubongoni na kung'aa pale kilipowakia. Halafu picha hiyo inawekwa juu ya picha ya kovu. Zikikaa pamoja, nimepona nusu.

Shida, dawa hiyo huletwa asubuhi, na ikifika jioni imeshakufa nguvu. Imeagizwa ya Jumatatu. Jumanne kitanda hiki kina mwenyewe, nami nitarudi mwisho wa foleni. Mwaka mzima, labda zaidi. Tonka atakuwa anakimbia.

Mchana nimefanya mazoezi na madaktari wanafunzi. Watoto wa watu, wananionea huruma, wananiachia nishinde! Ubongo wangu umelala fofofo. Nikamwambia daktari: kwa hawa sianguki hata mwakani. Niitieni Dujam. Mwizi wa karata yule, kicheko chake tu kinanipandisha damu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Vidonge vimeondolewa vyote. Naogopa. Siogopi kuanguka, nimeshazoea. Naogopa kovu liwe la bure.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwa vipande. Kichwa kizito, mkono wa kushoto haunisikii.

Dujam kafika na feri ya kwanza, kavaa koti la harusini. Tulihitaji wa nne. Mirela, aliyekuja na Tonka ndani ya kigari, kavuta kiti: nitacheza mimi. Sikujua kama anajua! Kumbe kalelewa na bibi aliyecheza kila jioni. Akakaa upande wa Dujam, kulia kwangu. Tonka kalala kigarini, Zrinko anamsukuma kwa mguu huku macho yapo kwenye mistari. Nedjeljka nyuma yangu, sindano imeshachomekwa kwenye mpira wa mkononi mwangu, kidole juu yake.

Dujam hakunihurumia. Haya Vinka Tatu, leo una tatu au una waya tu? — Cheza, shemeji. — Mbona jasho? Au unamsubiri padri? — Cheza, nimesema! Tukafungwa. Tukashinda. Tukafungwa tena kwa kidogo mno, na mchana unakwenda, na dawa inakufa. Kila Daktari Jelavić alipotazama saa yake roho yangu ilishuka. Duru moja nikamwona Dujam anaficha ree chini ya paja. Nimemwona kabisa! Damu ikanipanda. Nikawa nawaza: nitupe kopa, au nitupe pau, au nimwanike hapahapa mbele ya watu —

Hapo ndipo ninapoishia. Yaliyobaki nimesimuliwa.

Frane aliona mdomo. Hakutupa karata. Alipiga ukelele: Sasa! Na Nedjeljka akasukuma dawa kabla mkono wangu haujaanza kuruka. Niliangukia begani kwa Mirela. Frane anasema alinikumbatia kichwa, waya na vyote, hakukiachia mpaka mwisho. Dujam alikwenda kulia koridoni. Mwizi yule!

Wamenipeleka kwenye picha, wamenirudisha. Frane kaenda kumtafutia nduguye konyagi. Mimi na Mirela tunangoja majibu.

Kaniambia: Mama, siku zote nilidhani kifafa chako ni kitu kirefu. Leo nilikuwa nasali kimoyomoyo. Baba Yetu mbili na ya tatu sikuimaliza, ukafungua macho. Kisha: siku ile jikoni nilidhani umekufa. Hukuwahi kuniambia, nikasema. Hukuwahi kuniuliza, akasema. Kweli. Nilikuwa nimenuna tu.

Tonka kaamka. Mirela kamtoa kigarini, kamleta moja kwa moja kwangu. Mpakate, Mama. Akamwachia magotini mwangu, akasogea dirishani, akanipa mgongo. Makusudi.

Mzito! Ananuka maziwa. Kashika waya mmoja anauvuta. Nimengoja hili tangu azaliwe, na sikukaa naye hata muda wa kunywa kahawa. Mkono wa kushoto bado haunisikii. Nikamwita mwenyewe: Mirela, mwanangu, njoo umchukue. Siyo leo. Vidonge vyangu havijarudi. Hakuna aliyenilazimisha. Nililia nikimtoa, na Mirela akalia akimpokea, na Tonka akatuangalia kama wendawazimu.

Sasa wamekaa pembeni ya kitanda, karibu kabisa.

Mlango. Daktari Jelavić. Ana picha mbili mkononi, ameziweka moja juu ya nyingine. Uso wake hausemi kitu. Anauliza kama niko tayari. Nimemwambia angoje nimalize mstari huu. Anangoja. Mirela kanishika goti. Mstari wenyewe sitaki uishe —