Manowari ya Mzee

Jumanne, Machi 2016

Tena leo Mzee amekataa chakula. Nilijua tu, tangu Madam, binti yake, alipomkatiza jana mezani mbele ya wageni: "Papa, hiyo meli imetosha!"

Meli yenyewe ni manowari ya Kihispania ya karne ya kumi na tisa, iliyovikwa mabamba ya chuma ili ilinde pwani. Babu yake Mzee alikuwa akichochea makaa ndani yake. Namtunza Mzee hapa The Pearl, mtaa huu wa matajiri ughaibuni, mwezi wa tatu sasa, na kusema kweli hata mimi nimeichoka. Lakini kumnyamazisha mtu wa umri ule mbele za watu!

Mchana supu ilipoa bila kuguswa. Nikamwuliza makusudi, "Mzee, kwani si Wamarekani walioizamisha walipopigana na Wahispania?"

Aligeuka kwa hasira. "Nani amekudanganya? Hawakufika kabisa! Iliwangoja bandarini, kisha ikauzwa, ikabebeshwa mizigo."

Akarudi nyuma katika hadithi hadi vita vya waasi wa Kihispania, ambavyo meli iliundwa kwa ajili yavyo. Nami nikawa namlisha kijiko baada ya kijiko, hadi bakuli likaisha. Nilifurahi.

Jikoni Madam akanishika mkono. "Usimwanzishe, Grace. Wewe umeisikia miezi mitatu. Mimi nimeisikia tangu nizaliwe, na hajawahi kuniuliza mimi naendeleaje."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimejipanga kumwambia ukweli wake, nikaishia kuosha bakuli.

Sasa nimekaa kitandani na hasira yangu yote, na sina wa kumtolea.