Halua ya Mfuniko wa Kijani

JESHI LA POLISI, MKOA WA KASKAZINI PEMBA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bundala Machibya
Umri: Miaka 41
Kabila: Msukuma
Elimu: Darasa la nne
Kazi: Kibarua, mkorogaji wa halua
Makazi: Micheweni, uani kwa Bi Thuraiya Zahran. Kwao ni Igunga, Tabora
Tarehe: 18/11/2024, saa 3:10 asubuhi
Mpokeaji maelezo: Sajenti Ummkulthum Mmanga

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na kwamba hata ukweli wangu unaweza kunigeukia. Nimeelewa.

Nilishuka bandari ya Mkoani mwezi wa saba mwaka 2022 kuja kuchuma karafuu. Msimu ulipokwisha sikurudi kwetu. Mabruki, mpishi wa halua, aliniona nikibeba magunia mawili kwa mpigo, akanipeleka kwa Jabir Hudhaifa, mwenye jiko la halua hapo Micheweni. Kazi yangu ni kukoroga. Sufuria moja inakorogwa saa mbili na nusu kwa mwiko unaonifika kifuani, na mkono hausimami, maana ukisimama halua inashika chini. Mabruki ndiye anayepima na kutia. Mimi nakoroga. Kwa hiyo kila kinachoingia sufuriani nakiona kwa macho yangu.

Nalala kwenye kibanda cha uani kwa Bi Thuraiya Zahran, mjane wa miaka 63. Hanitozi kodi. Namchotea maji na kumpasulia kuni. Kila Ijumaa huniuliza kama nimempigia simu mama yangu, na kama sijapiga hanipi chai mpaka nipige. Anaishi na watoto wake wawili wakubwa. Maher ni karani, Maha anashona nguo.

Bi Thuraiya ana maradhi ya sukari, huu mwaka wa tano. Nilipofika kwake alikuwa ameshayazoea. Chai bila sukari, muhogo kipande kimoja, wali vijiko vitatu, vidonge asubuhi na jioni. Maha humtoboa kidole kila asubuhi na kupima kwa mashine ndogo. Ilikuwa ikisoma saba, nane, siku mbaya tisa. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamuuma. Baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaa huja barazani kwake kunywa kahawa chungu, na kahawa chungu bila halua haina maana. Sahani ilikuwa ikimfikia, anaisogeza kwa mwenzake. Siku moja nilimsikia akisema, "Mimi nimekuwa meza, napitishiwa sahani tu." Wenzake walicheka, naye akacheka.

Mwezi wa tano mwaka huu Jabir alirudi kutoka Unguja na makopo ya unga mweupe wa kutia utamu badala ya sukari. Alisema wenye maradhi ya sukari hapa kisiwani ni wengi na hakuna anayewapikia. Tulijaribu tarehe 14 na tarehe 16. Haikushikana. Ilitoka majimaji kama uji wa mtoto. Mabruki alimwambia, "Bosi, sukari kwenye halua si utamu tu, ndiyo mifupa yake. Hii uliyoleta haina mifupa."

Jabir akasema, "Basi tia guru."

Sukari guru ni ile nyeusi inayopatikana kwa kuchemsha maji ya miwa. Tulitia guru kilo kwa kilo pale palipokuwa pa sukari nyeupe. Haikupunguzwa hata konzi moja. Halua ikatoka nyeusi, na inakwangua koo kidogo. Jabir alionja akacheka. Alisema, "Kukwangua huku ndiko kutakakouza. Mtu akiona nyeusi halafu inamkwangua, atasema hii dawa."

Mabruki aliuliza, "Kwani guru si sukari, bosi?"

"Sukari ni ile ya dukani. Hii miwa." Kisha akatugeukia sote wawili. "La jikoni linabaki jikoni. Weye Mabruki una watoto sita. Na weye Mbara, boti ikiondoka Mkoani haimngoji mtu afunge mzigo."

Ikatiwa kwenye mikebe yenye mfuniko wa kijani na karatasi iliyoandikwa HALUA YA AFYA, HAINA SUKARI. Nasoma polepole, lakini hayo niliyasoma.

Naomba iandikwe kwamba Jabir alijua anachofanya. Tarehe 2 Juni, kama saa 4 asubuhi, mama yake mzazi, ambaye naye ana sukari, aliingia jikoni akachukua mkebe wa kijani. Jabir alimpokonya. Alisema, "Huu si wako, mama. Huu wa wateja." Mama yake akamuuliza, "Kwani mimi siumwi kama wao?" Jabir akampa lozi kwenye karatasi akamtoa nje. Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, mwiko mkononi.

Tarehe 9 Juni Maha alileta mkebe wa kijani nyumbani. Alidhani anamfurahisha mama yake, na kweli alimfurahisha. Bi Thuraiya alikata kipande mbele ya wenzake, akakila taratibu, akasema, "Leo na mimi mtu." Akaniita kutoka uani.

"Bundala! Hii umekoroga wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu aubariki mkono wako."

Nilirudi uani nikapasua kuni, ingawa za kutosha zilikuwepo.

Kuanzia siku hiyo alikula kila siku. Mwezi wa saba mashine ilisoma kumi na sita. Mwezi wa nane ishirini na moja. Daktari akaongeza vidonge. Maher na Maha hawakuitazama halua, kwa kuwa imeandikwa haina. Walimtazama mama yao. Maher akaifungia sukari ya nyumba kwenye sanduku la bati na ufunguo akautia mfukoni. Maha akawa anamnusa mdomo.

"Hebu fungua. Umekula nini?"

"Mchicha, mwanangu."

"Mchicha haufiki ishirini na moja."

Wakamkata wali, kisha muhogo, kisha mkate. Alipokonda mpaka pete zikawa zinamvuka vidoleni, Maher alisema aongezewe halua ya kijani apate nguvu, maana hiyo ndiyo salama. Nilikuwepo. Kipande kimoja kikawa viwili, asubuhi na alasiri.

Mwezi wa tisa alijikwaa kwenye kizingiti. Kidole cha mguu wa kushoto kikafanya kidonda, na kidonda hakikufunga. Akawa hawezi kwenda chooni usiku, Maha akamwekea ndoo chumbani.

Tarehe 6 Oktoba, siku ya Jumapili, saa 10:00 alasiri, Maher alikuta sisimizi chumbani kwa mama yake. Walikuwa wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye ndoo. Alipiga kelele mpaka nikaingia ndani nikidhani kuna nyoka. Alikuwa ameshika ufagio. Alisema, "Sisimizi hawaji bure. Sukari umeificha wapi?"

Bi Thuraiya alisema, "Maher, mimi sina sukari."

Kwetu kila mzee anajua kwamba mkojo wa mwenye maradhi haya huita sisimizi. Huku pia wanajua. Maher amesoma kunizidi, lakini siku ile hakutaka kujua. Alipindua godoro. Akachana mto kwa kisu, sufi ikatapakaa chumba kizima. Hakupata kitu. Akasema basi kashaimaliza.

Bi Thuraiya akaomba Msahafu. Akaapa kwamba tangu Maha alete ile halua hajatia kinywani tamu nyingine yoyote. Maha akamwambia, "Mama, utakufa na kiapo cha uongo shingoni." Hapo mama akaninyooshea kidole mimi niliyesimama mlangoni.

"Muulizeni Bundala. Mimi nala halua tu. Yeye ndiye anayeikoroga, na hana la kupata kwa kunisemea uongo."

Maher akanigeukia. "Ina sukari ile?"

Niliifikiria ile boti aliyoitaja Jabir. Nilijua nikisema ina, kazi sina tena. Na nikisema haina, mama huyu ni mwizi. Sikuchukua muda mrefu. Nilisema, "Haina."

Bi Thuraiya hakunikasirikia. Alisema, "Ahsante, mwanangu." Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anajiuliza mwenyewe, "Basi sijui mwili huu unaitoa wapi."

Siku ileile walimhamishia chumba cha stoo, nyuma, wakafunga kwa kufuli la nje. Maher alitoka barazani akawaambia wale wanawake, "Mama yetu amekuwa mwizi wa sukari. Msimletee kitu." Mmoja alisema, "Thuraiya kama mtoto mdogo?" Wakacheka. Siku chache baadaye wakaacha kuja.

Kazi ya kumpelekea chakula cha alasiri nilipewa mimi, kwa sababu Maha alisema harufu ya kidonda inamtapisha. Ilikuwa sahani ya mchicha na kipande cha halua. Nilimpelekea kuanzia tarehe 7 Oktoba hadi tarehe 11 Novemba. Sitaki kujipamba hapa. Kutoka jikoni hadi mlango wa stoo ni hatua ishirini, na ningeweza kuitupa halua njiani. Siku mbili niliwatupia kuku. Siku ya tatu aliniuliza, "Bundala, na hiyo nayo wamenikata?" Nikampelekea tena. Alikula mbele yangu. Alisema Mabruki siku hizi anaiivisha vizuri zaidi, nimfikishie salamu. Nilimfikishia. Mabruki aliacha kupima, akatoka nje, akakaa kama dakika kumi, akarudi akaendelea.

Tarehe 12 Novemba asubuhi mguu ulikuwa mweusi hadi kifundoni na mama hajui anaongea na nani. Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Tarehe 14 ukakatwa chini ya goti.

Tarehe 16 Novemba, Jumamosi, saa 10:30 alasiri, nilifuatana na Maha hospitali kubeba kikapu. Maher alikuwa kando ya kitanda cha mama na daktari alikuwa anamuuliza mgonjwa amekuwa akila nini. Maher alisema, "Dokta, anaiba. Tumemfungia na bado anaiba." Mama alikuwa amelala kwa dawa. Maha akatoa mkebe wa kijani kikapuni, akauweka kwenye kabati la kitanda, ili mama akiamka aukute.

Niliuchukua. Nikasema, "Hii ni guru tupu. Tangu siku ya kwanza ni guru. Mama hajaiba kitu."

Maher alinipiga ngumi ya mdomo. Jino hili linacheza. Alisema, "Mbona siku ile ulisema haina?" Nilimpa daktari mkebe. Aliufungua, akanusa, akauliza nani aliyemruhusu mgonjwa kula hii. Kisha Maha akatushika mikono, mimi na kaka yake, akasema, "Nyamazeni. Mama asije akasikia."

Jioni ile nilikuta nguo zangu ziko barabarani. Jana nilikwenda wodini asubuhi na jioni, Maher amemwambia mlinzi nisipite. Mabruki nimemwomba tuje wote. Alisema, "Ndugu yangu, leo sikukuona wala hukuniona." Nimekuja na mikebe miwili ambayo haijafunguliwa.

Sitaki kitu kwa mtu. Kosa langu nalijua, na mkitaka kuniweka ndani niko hapa. Ninachoomba ni kimoja. Bi Thuraiya asomewe haya akiwa macho, na watoto wake wamwambie kwa vinywa vyao kwamba hakuiba. Mimi nikimwambia peke yangu hataniamini, maana nilishamwambia haina.

Hapa ndipo yanapoishia maelezo yangu. Nimesomewa, ni yangu, hakuna aliyenilazimisha wala kunitilia neno.

Sahihi ya shahidi: B. Machibya

MAELEZO YA MPOKEAJI

Maelezo haya nimeyachukua mimi, Sajenti Ummkulthum Mmanga, na kuyamaliza saa 5:25 asubuhi. Mikebe miwili yenye mfuniko wa kijani imepokelewa kuwa kielelezo.

Saa 7:20 mchana Maher Nizar na dada yake Maha walifika kituoni. Waliletwa na gari la Jabir Hudhaifa, naye akiwemo. Niliwasomea. Maher alisema wao na Jabir ni watu wa mtaa mmoja, kuna muhali baina yao, wanaoneana haya, anaomba suala limalizwe nyumbani. Maha aliomba mama asiambiwe, kwa kuwa atawalaumu nao walikuwa wanamtakia uzima. Niliwajulisha kwamba jalada limeshafunguliwa. Waliondoka pamoja.

Saa 9:45 alasiri nilifika hospitali nikamsomea mgonjwa maelezo haya, akiwa macho na mwenye akili timamu. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza kama watoto wake wameshasomewa. Nikasema ndiyo. Aliuliza wamesema nini.

Nilimjibu kwamba upelelezi unaendelea.

Sahihi: U. Mmanga, Sajenti